SOMO LA IJUMAA: NYUMBA NA WALIOPITA NDANI YAKE



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.). Leo tuangalie jambo linalovunja jamaa nyingi hapa Lubumbashi: nyumba ya marehemu. Tuanze na nyumba mbili za Unguja, kisha turudi kwetu.

1. Nyumba ya Tippu Tip

Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemjua kwa jina la Tippu Tip, aliongoza misafara ya pembe na watumwa. Kasongo katika Maniema ilikuwa makao yake makubwa. Mwaka 1887 alifanywa wali wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Karibu mwaka 1891 alirudi Unguja, akakaa katika nyumba yake ya mawe mtaa wa Shangani, akafa mwaka 1905. Tusifiche: sehemu ya mali ile ilitoka kwenye jasho na machozi ya watu wa nchi hii.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, nyumba nyingi za mawe za Unguja zilichukuliwa na serikali, wakawekwa watu wengine. Nyumba ya Tippu Tip nayo ikaja kukaliwa na jamaa kadhaa, kila jamaa na vyumba vyake. Jina limebaki, mwenye jina hayupo.

2. Nyumba ya Livingstone

Nyumba hii ilijengwa karibu mwaka 1860, zama za Sultan Majid bin Said. Mwaka 1866 alikaa humo mzungu Livingstone kabla ya safari yake ya mwisho, iliyomfikisha hadi ziwa Mweru, mpakani mwa Katanga yetu. Baadaye wakakaa Wahindi. Mwaka 1947 serikali ikainunua, ikawa mahali pa kuchunguza magonjwa ya mikarafuu. Tena ikawa ofisi ya Shirika la Utalii la Zanzibar. Ilijengwa zama za Sultani, na leo watu wanaiita kwa jina la mgeni aliyelala humo majuma machache!

3. Na hapa kwetu?

Muji wetu wenyewe uliitwa Élisabethville hadi mwaka 1966. Kamalondo iliitwa Commune Albert. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara, mashamba na majumba ya wageni yapite mikononi mwa wananchi. Mwaka 1976 serikali ikatangaza kurudisha sehemu kubwa ya mali hiyo. Na kwa sheria ya Julai 1973, udongo wote ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia tu. Basi mtu anayesema "parsele hii ni yangu milele" anasema nini?

4. Hukumu ya nyumba ya marehemu

Mtu akifa, kwanza mali yake itoe gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasiya usiozidi theluthi moja, na usiwe kwa mrithi. Ndipo wagawane warithi. Mafungu yamewekwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Si baraza la jamaa linaloyatunga.

Tuchukue mfano. Baba amekufa, wazazi wake walitangulia. Ameacha mke mmoja, kijana mmoja na mabinti wawili. Nyumba inapangishwa dola 320 kwa mwezi. Mke ana thumuni, yaani dola 40. Zinabaki 280: kijana 140, kila binti 70. Na ndugu wa marehemu? Kwa kuwa yupo mtoto wa kiume, ndugu hana fungu hata la faranga moja. Basi baba mdogo anayekuja siku ya arobaini na kufuli mpya, akamtoa mjane na mayatima, anafunga mlango wa nani?

Mjane ana haki ya kukaa eda yake, miezi minne na siku kumi, katika nyumba ya mumewe. Kanuni ya Jamaa ya nchi yetu ya mwaka 1987 inagawa urithi kwa njia yake, lakini nayo inampa mjane haki ya kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Sheria zote mbili zinamkataza anayemtupa nje.

5. Tufanye nini?

- Andika madeni yako ungali hai, pamoja na mashahidi.
- Karatasi za parsele zisifichwe kwa mtu mmoja. Mke na watoto wakubwa wajue zilipo.
- Akifa mtu, mafungu yasicheleweshwe. Nyumba isiyogawiwa miaka ishirini huzaa warithi wa warithi, na kesi tribunalini zisizokwisha.
- Mmoja asiuze peke yake nyumba ya wote. Nanyi wanunuzi, ulizeni kwanza: mjane yuko wapi?
- Mwenye uwezo aweke wakfu, hata chumba kimoja cha kupangisha kwa ajili ya mayatima. Wakfu hauuzwi wala haurithiwi.

Ndugu zangu, nyumba za Unguja zimebadili wenyeji na bado zimesimama. Yetu nayo itatuona tukitolewa kwa jeneza. Tuhakikishe atakayebaki ndani ni mwenye haki yake.

Wabillahi tawfiq.