Chimba Mtaro Kabla ya Wingu

Masomo ya kusoma kwanza: 2 Wafalme 3:9-20, Luka 13:6-9



Vijana wenzangu, somo letu la wiki hii linaanzia shambani. Najua wengi wetu hapa Kaloleni tunajiona watu wa mjini. Lakini pita nyumba kwa nyumba uulize: familia nyingi zina kipande cha ardhi mahali fulani, iwe Ngaramtoni, Kisongo au mbali zaidi. Na familia nyingi zina ugomvi juu ya kipande hicho. Sisi pia tunao.

Marehemu baba alituachia ekari moja na robo upande wa Oldonyo Sambu. Anayeijua barabara ya Namanga anajua hali ya kule. Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na mvua nyingi inaishia upande wa kusini na mashariki, kwenye migomba na kahawa. Ukizunguka kwenda kaskazini-magharibi unaingia kwenye kivuli cha mvua. Mlima ni uleule mmoja, ila upande huu watu wanavuna ndizi na upande ule wanakimbizana na vumbi.

Likizo iliyopita mdogo wangu alisema mbele ya mama: "Frateri, wewe umeshachagua njia yako. Tuuze lile eneo, mimi ninunue pikipiki. Pale hakuna shamba." Mama akanyamaza. Mimi nikatoa hotuba. Nilimtajia Mwanzo 2:15, jinsi Mungu alivyomweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Nikamtajia Laudato Si', waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015. Nikamtajia hata Aristotle, maana ndiyo shahada niliyosomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: "Sawa. Maji yako wapi?"

Sikuwa na jibu. Somo hili ni jibu nililolitafuta baadaye, na sehemu yake nimelipata kwa aibu.

1. Maji yalikuwepo

Tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita moja ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Ekari moja ina kama mita za mraba 4,000. Kwa hiyo mvua moja nzuri ya milimita 20 inamwaga kwenye ekari moja lita 80,000. Hayo ni maboza manane ya lita 10,000. Bure kabisa, yameletwa mpaka shambani.

Yanakwenda wapi? Ardhi ikiwa tupu na ngumu, maji hayazami. Yanakusanyana, yanapata nguvu, yanabeba udongo wa juu wenye rutuba, yanachimba korongo. Ndiyo makorongo mnayoyaona kuelekea Kisongo na Monduli. Baada ya saa chache jua linawaka, na wiki mbili baadaye tuko kanisani tunasali novena ya kuomba mvua.

Hapo ndipo nilipochomwa. Tunaomba mvua kwa machozi, na ikija tunaiacha ipite. Je, huko ni kuomba kweli?

2. Elisha na bonde kavu

Soma tena 2 Wafalme 3. Wafalme watatu wako jangwani na majeshi yao. Siku saba wametembea, na sasa hakuna maji ya watu wala ya wanyama. Wanamwendea nabii Elisha. Yeye hawaambii wakae wasubiri muujiza. Anawapa agizo la kazi: bonde lote lijazwe mitaro. Anawaambia wazi kwamba upepo hawatauona, mvua hawatauona, lakini bonde litajaa. Asubuhi yake, saa ya kutoa sadaka, maji yakaja kutoka upande wa Edomu.

Angalia mpangilio. Mitaro ilichimbwa mbingu zikiwa kavu. Maji yalitoka kwa Mungu. Hakuna askari aliyeyatengeneza kwa jembe. Lakini bila mitaro yale maji yangepita bondeni kama yanavyopita kwetu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba neema haiharibu maumbile, bali huyakamilisha. Jembe ni upande wa maumbile. Mungu halidharau jembe.

3. Namna ya kuyakamata maji

Mwaka 1978 Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, walitoa kitabu juu ya mtindo walioupa jina pamakalcha, yaani kilimo cha kudumu kinachoiga jinsi msitu unavyoishi. Misingi yake mitatu ni kuitunza ardhi, kuwatunza watu, na kugawana ziada. Mkatoliki akisikia hayo hashangai, maana Kanisa linafundisha kwamba mali ya dunia ni kwa ajili ya wote.

Na wazee wetu nao hawakuwa wajinga. Kihamba cha Wachaga ni hichohicho: miti mirefu juu, migomba chini yake, kisha kahawa, kisha magimbi na maharage, ng'ombe zizini anatoa mbolea. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro, mashimo yanayoshika maji mlimani. Mtaro wa "fanya juu" wa Machakos, Kenya, umekwenda duniani kwa jina lake la Kiswahili. Kule Dodoma wakulima wanafanya Kisiki Hai: hawapandi mti mpya, wanachagua machipukizi ya kisiki ambacho mizizi yake bado iko hai, wanayapogolea, na mti unarudi.

Kwa shamba kavu kama letu, mambo ni manne.

*Makinga maji.* Unachimba mtaro unaofuata kontua, yaani mstari ambao urefu wake ni sawa mwanzo hadi mwisho, upana na kina kama nusu mita. Udongo unautupa upande wa chini, unakuwa tuta. Maji yakishuka yanasimama humo, yanazama taratibu. Juu ya tuta panda majani ya tembo au mbaazi ili mizizi ilishike. Acha mahali pa kutokea maji yakizidi, na papange mawe.

*Matandazo.* Udongo usikae uchi. Funika kwa majani na mabua. Shida yetu inajulikana: baada ya mavuno mifugo inaingia na kumaliza kila kitu. Hapo hakuna ufundi, ni mazungumzo na majirani, au uzio wa miiba.

*Mazao yanayovumilia.* Usipande mahindi peke yake. Changanya na ngwara na mbaazi. Zinafunika ardhi na kuirutubisha, na ngwara inabaki kijani mahindi yakishakauka.

*Bati.* Paa la mita 5 kwa 8, kwa mvua ya milimita 25, linapokea lita 1,000. Hata yakipotea kidogo, hilo ni tanki la plastiki karibu limejaa. Na kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Maji mengi ya kuzunguka Meru yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri. Tunajua alama yake: meno ya kahawia, na kwa wengine mifupa iliyopinda. Wangapi kati yetu tunacheka kwa kufunika mdomo na kiganja? Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Mwaga yale ya kwanza yanayoosha vumbi la bati, kinga yanayofuata, na ya kunywa uyachemshe.

4. Kosa langu

Baada ya kusoma haya nilirudi kwa mdogo wangu kifua mbele. Tukaenda Oldonyo Sambu siku sita na majembe. Kontua nikaipima kwa macho. Mdogo wangu aliniuliza kama nina uhakika, nikamwambia mteremko unaonekana.

Mvua ya kwanza ilipokuja, maji yote yalikimbilia sehemu moja iliyokuwa chini kidogo kuliko nilivyodhani. Tuta likapasuka. Maji yakaingia shamba la jirani, mzee mmoja wa Kiarusha, na kubeba mistari minne ya maharage yake.

Nilikwenda kwake kuomba msamaha. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilipofika nikasema, "Shikamoo mzee," maneno yakaniishia. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Maji hayaulizi una shahada gani." Kisha akaomba fito tatu, kamba na jiwe.

Alifunga fito mbili ndefu kama herufi A, ya tatu akaipitisha katikati, jiwe akalining'iniza kutoka juu kwa kamba. Unaisimamisha, unaweka alama kamba inapogusa fito ya katikati. Unageuza miguu, wa kushoto uende kulia, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo unatembea nayo shambani hatua kwa hatua. Kila kamba inapokaa katikati, miguu yote miwili iko kwenye kontua, unachomeka kijiti.

Ni kifaa cha dakika ishirini. Nilikikosa kwa sababu sikutaka kuuliza. Maharage yale tulilipa kwa siku mbili za kumsaidia kupalilia, mimi na mdogo wangu.

Vijana, kiburi nacho ni mtaro uliopimwa kwa macho. Kila kitu kinaonekana sawa mpaka mvua inyeshe, na anayeumia kwanza ni jirani.

5. Moyo nao ni shamba

Tulichimba upya kwa kipimo. Sitawadanganya: mahindi hayakufanya vizuri, mvua zilikatika mapema. Lakini juu ya makinga maji ngwara ilibaki kijani wiki nyingi baada ya mahindi kukauka, na mama alipata ya kula na kidogo ya kuuza sokoni. Mdogo wangu hajasema tusiuze. Amesema tusubiri masika mbili. Kwangu hilo ni jibu la yule mtunza shamba wa Luka 13, aliyeuombea mtini mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutia mbolea. Hakuahidi matunda. Aliomba muda, akaahidi jasho.

Neema ya Mungu inanyesha kila Jumapili. Tunapokea Ekaristi, tunasikia Neno, tunaimba vizuri, tunatoka. Kufikia Jumanne imekauka. Siyo kwamba haikunyesha. Ilipita juu ya moyo mgumu usio na mtaro. Mitaro ya roho ni midogo na haina sifa: dakika kumi za sala asubuhi, kitubio cha kila mwezi, rafiki mmoja unayemwambia ukweli. Inachimbwa siku za ukavu, wakati huoni wingu lolote. Anayesubiri majaribu yaje ndipo aanze kuchimba amechelewa.

Maswali kwa jumuiya au kikundi cha vijana

1. Familia yako ina ardhi? Nani anaijua hali yake leo, na mara ya mwisho uliikanyaga lini?
2. Ni neema gani umeiomba sana, na ilipokuja ukaiacha ipite?
3. Ni nani ulipaswa kumwuliza jambo, ukaona aibu?

Kazi ya wiki: Pimeni bati la nyumba moja ya mwanajumuiya, urefu na upana, mkapige hesabu ya lita. Kama kuna mjane au mzee asiye na mfereji wa bati, changeni mumfungie kabla ya mvua. Kugawana ziada kuanzie hapo.

Sala

Ee Mungu, mwenye mvua na mwenye ardhi, utusamehe kwa yale uliyotupa tukayaacha yapite. Utupe mikono ya kuchimba wakati mbingu ni kavu, na unyenyekevu wa kuuliza waliotutangulia. Uzipatanishe familia zinazogombania mashamba. Mtakatifu Isidori Mkulima, utuombee. Amina.