Pumzi Haingoji: Ukweli Kuhusu ICU na Maradhi Makali ya Virusi vya Mapafu

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu malalamiko yamezidi. Ndugu wa wagonjwa wanasema mtu wao alifika hospitali akiongea, akavalishwa oksijeni, akapelekwa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, na baada ya siku chache wakakabidhiwa mwili. Mitaani habari hiyo imefupishwa ikawa msemo: "ICU hairudishi mtu." Hatuyadharau maneno hayo, maana yametoka kwenye misiba ya kweli. Lakini tunayapinga, na tunayapinga kwa nguvu, kwa kuwa yanaongeza misiba. Familia iliyoyaamini humficha mgonjwa nyumbani mpaka pumzi imkatike, ikamleta usiku wa manane akiwa hajitambui, akafa, na msemo ukapata shahidi mwingine. Kinachoua zaidi ni saa na siku zilizopotea kabla ya mgonjwa kufika kwenye kile chumba. Hilo ndilo jambo moja tunalotaka lieleweke, na tutalirudia bila kuona haya.

Tuanze na takwimu chungu, kwa sababu msomaji akigundua tumeificha hatatuamini tena. Kati ya Mei na Desemba 2020, watafiti waliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 3,000 wa UVIKO-19 waliohitaji uangalizi wa ICU katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya, Malawi na Msumbiji zikiwemo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la Lancet. Ndani ya siku 30, asilimia 48.2 walifariki, wakati wastani wa dunia ulikuwa asilimia 31.5. Anayesoma haraka ataona nusu walikufa. Asome tena: zaidi kidogo ya nusu walikuwa hai siku ya thelathini, nao ni watu ambao wodi ya kawaida ilikuwa imeshindwa kuwabeba. Ni nini kilichowatofautisha waliopona na waliokufa? Umri, kisukari, VVU, maradhi ya figo na ya ini, ndiyo. Lakini pia hali ya mgonjwa siku anayoingia, na kucheleweshwa kuingia kwa sababu kitanda au vifaa havikuwepo. Mashine za kusafisha damu zilikuwepo katika takriban theluthi mbili ya hospitali hizo, ila ni kama mgonjwa mmoja kati ya kumi aliyewekwa kwenye mashine hiyo. Kwa hiyo pengo kati yetu na dunia halitokani na chumba chenyewe. Linatokana na kuchelewa kukifikia na kukikuta hakijatimia.

Atakayesema kwamba wengi wanafia ICU kuliko wodini anasema kweli, lakini ulinganisho wake si wa haki, kwa kuwa ICU hupokea walio mahututi tu. Swali la haki ni hili: watu wawili waliozidiwa sawasawa, mmoja akapata huduma na mwingine akaikosa, nani ana nafasi kubwa ya kuishi? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1952 mjini Copenhagen, Denmark, virusi vya polio vilipopoozesha misuli ya kupumua ya mamia ya watu. Katika wiki za mwanzo, wagonjwa 27 kati ya 31 waliowekwa kwenye mashine za wakati huo walifariki. Daktari Bjørn Ibsen akashauri wapitishiwe mrija kooni na kusukumiwa hewa kwa mkono, na wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana usiku na mchana kukamua mifuko ya hewa. Vifo vikashuka hadi chini ya nusu. ICU tuliyonayo leo ilizaliwa kutokana na mikono ile. Mwaka 2013 utafiti uliofanyika hasa Ufaransa ulionyesha kwamba wagonjwa wa mapafu walio kwenye mashine wakilazwa kifudifudi kwa muda mrefu kila siku, vifo ndani ya siku 28 hupungua kutoka takriban asilimia 33 hadi 16. Hapo hakuna dawa ya gharama. Kuna wauguzi wanaojua kumgeuza mtu bila kung'oa mirija.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Virusi vya UVIKO-19, vya homa ya mafua na vingine vya jamii hiyo vinapofika chini kabisa mapafuni, vijifuko vya hewa huvimba na kujaa majimaji, na oksijeni haivuki tena kwenda kwenye damu. Kwa wengine, hasa wa UVIKO-19, kiwango hushuka huku mgonjwa akiwa ameketi anazungumza na kushika simu. Ndugu wanaona mtu mzima, kumbe moyo, figo na ubongo vimeanza kunyimwa hewa. UVIKO-19 una hila nyingine: mara nyingi mtu huzidiwa siku ya tano hadi ya kumi tangu dalili zianze, wakati homa imeshuka na familia inashukuru. Homa ikishuka huku kupumua kukiwa kwa haraka, msishukuru bado. Msisubiri midomo igeuke bluu. Ikigeuka mmechelewa tayari.

Kupima hili hakuhitaji mtaalamu. Mgonjwa atulie, saa iwe mkononi, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja kamili. Mtu mzima anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika akiwa amepumzika apelekwe hospitali sasa hivi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika 50, mchanga wa chini ya miezi miwili akifika 60, hizo ni dalili za hatari. Mtoto ambaye kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi hahitaji hata kuhesabiwa. Wenye kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kwa asilimia wakumbuke kwamba, kwa mtu mzima asiyeishi milimani, 94 na kuendelea inatuliza, 90 hadi 93 ni kwenda kituoni siku hiyohiyo, na chini ya 90 ni dharura. Kuna onyo tunalolisisitiza kwa kuwa linatuhusu sisi hasa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba kifaa hiki huwadanganya zaidi watu weusi. Kiliposoma kati ya 92 na 96, kipimo cha damu yenyewe kiliwakuta takriban wagonjwa 12 kati ya 100 weusi wakiwa chini ya 88, na weupe hawakufika wanne kati ya 100. Namba ya kidoleni isikushinde macho. Mtu anayehema, anayeshindwa kumaliza sentensi, au aliyeanza kuchanganyikiwa apelekwe hospitali hata kifaa kikisema 95.

Wapo wanaosema oksijeni ndiyo inayomaliza. Wanachokiona ni kweli: wengi waliokufa walikuwa wamevaa barakoa ya oksijeni. Lakini barakoa hiyo huvalishwa yule ambaye damu yake imeshaishiwa, na kwa aliyefikishwa akiwa na kipimo cha 60, oksijeni huvikuta viungo vyake vimeshaumia. Yuleyule angefika akiwa na 88, mara nyingi oksijeni ya wodini ingetosha na ICU asingeiona. Wapo pia wanaotegemea nyungu. Hatumkatazi mtu chai ya tangawizi. Tunasema mvuke hauongezi oksijeni kwenye damu, maji ya moto yameunguza watu, na siku tatu za kujifukiza huku pumzi ikipanda ni siku tatu alizoibiwa mgonjwa. Nimonia haikungoji umalize dozi ya majani.

Kosa la tatu ni baya zaidi kwa sababu linafanana na elimu. Watu wamesikia kwamba dawa ya deksamethasoni inaokoa, wakaenda kuinunua dukani. Inaokoa kweli. Jaribio la Uingereza la mwaka 2020, lenye wagonjwa wa UVIKO-19 zaidi ya 6,000, lilionyesha kwamba kwa walio kwenye mashine ya kupumulia vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3, na kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu kutoka 26.2 hadi 23.3. Kwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwa na nafuu yoyote: walikufa asilimia 17.8 ya waliopewa dawa na 14.0 ya wasiopewa. Dawa hiyo hupandisha sukari na kulegeza kinga ya mwili. Kuinywa nyumbani siku ya pili ya mafua ni kujidhuru kwa pesa yako mwenyewe. Antibaotiki nazo haziui virusi. Kwa homa ya mafua zipo dawa za virusi, na hufaa zaidi zikianza ndani ya saa 48, jambo linalomrudisha msomaji kwenye hoja ileile ya kuwahi.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba mashine hazitoshi. Hazitoshi. Tathmini ya Kenya ya mwaka 2020 ilihesabu vitanda 537 vya ICU na mashine 256 za kupumulia kwa nchi nzima, na kaunti 22 tu kati ya 47 zilikuwa na ICU. Hapa Tanzania tumepiga hatua tunayojivunia: sehemu ya Sh trilioni 1.3 za mpango wa UVIKO-19 wa mwaka 2021 ilijenga majengo ya dharura na vyumba vya ICU, ikasimika mitambo ya kuzalisha oksijeni. Kazi hiyo imefanyika na inaonekana. Lakini hakuna nchi itakayojenga ICU za kutosha watu wote waliochelewa. Uchache wa mashine ndiyo sababu ya kuwahi wodini, ambako oksijeni ya mapema huwafanya wengi wasizihitaji.

Ni kweli pia kwamba mashine ikitumiwa vibaya inaumiza. Mwaka 2000 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba kusukuma hewa kidogo kidogo badala ya kujaza mapafu hupunguza vifo kutoka takriban asilimia 40 hadi 31, na tangu hapo ndivyo inavyofundishwa. Watumishi wanaowanyamazia ndugu mlangoni mwa ICU tunawaambia wazi kwamba wanakosea. Familia inastahili kuelezwa kila siku mgonjwa yukoje, kwa lugha inayoeleweka, na kutayarishwa kwamba hata anayepona hutoka amepoteza misuli, huenda na fikra zilizovurugika, na atahitaji wiki au miezi kusimama sawasawa.

Malipo nayo yasiwacheleweshe: kuhusu misamaha ya watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali itaeleza masharti. Hayo yafuatwe mgonjwa akiwa tayari kitandani.

Mkifika hospitali, msikae foleni ya kadi. Nendeni moja kwa moja dirisha la dharura mseme anapumua mara ngapi kwa dakika, dalili zilianza siku gani, ana kisukari, presha, VVU au ujauzito, na amekunywa nini nyumbani, dawa za dukani na za kienyeji, bila kuficha hata moja. Mtu mmoja anayezijua habari hizo abaki na simu yenye chaji, kwa sababu daktari atamhitaji usiku huohuo.