Nyota Nyekundu na Mwenzake

Hapa Goma mama huwasha makala katika mbabula. Yakiwa mengi, moto hudumu. Yakiwa machache, hupoa upesi.

Nyota haichomi makala, lakini nayo yataka wingi. Gliese 229 ni nyota nyekundu, ndogo kuliko jua. Haionekani bila darubini. Nuru yake husafiri karibu miaka 19 hata kutufikia. Mwaka 1995 wataalamu walitangaza kwamba ina mwenzake. Huyo hewa yake haikutosha kudumisha moto wa nyota. Alipokuwa mchanga alikuwa na joto kali. Sasa anapoa polepole.

Mwaka 2024 wataalamu walitambua kuwa si mmoja, ni wawili wanaozungukana. Basi wakasahihisha vitabu.

Nawe, mtoto, usione haya kusahihisha daftari lako. Nyota ni kazi ya Mungu. Sisi twazijua kidogo kidogo.

Swali: Kwa nini mwenzake hawaki kama nyota?