Kabla ya kuuliza nani ameharibu, tujue maji yamesimama wapi

 Leo barua moja itachukua kona nzima. Imetoka Sigowet, kwa mama wa watoto wawili anayeishi kwa wakwe zake. Shemeji yake aliye Ujerumani aliwajengea wazazi nyumba ya mawe, na jikoni akaweka mashine ya kuosha vyombo. Anaandika:

“Dada, mashine ikimaliza kuosha, maji machafu yanabaki chini na yananuka. Vyombo vinatoka na mafuta. Mama mkwe anasema nimeiharibu, na kwamba mwanamke mwenye bidii huosha kwa mikono yake. Shemeji anakuja Agosti. Jirani ameniambia nimwage asidi. Nifanye nini?”

Mdogo wangu, pole sana. Tuanze na asidi: usiimwage. Maji yaliyosimama hayatairuhusu ipite, kwa hiyo itatulia pale pale ikila mipira ya mashine. Siku utakayofungua bomba, wewe au fundi, itawarukia machoni. Na kama uliwahi kumwaga dawa ya kung’arisha nguo, zikikutana hutoa hewa ya sumu inayokaba kifua. Jikoni mna watoto. Weka chupa hiyo mbali.

Sasa zima mashine kwenye swichi ya ukutani na ufunge koki yake ya maji. Subiri yaliyomo yapoe, kisha uyachote kwa kikombe na kumalizia kwa kitambaa. Halafu, kabla ya kugusa kitu kingine, jaza sinki lililo karibu na mashine, zibua, usimame uangalie. Mara nyingi mashine haina bomba lake la kutolea maji. Paipu yake huungwa kwenye bomba la sinki, na yote mawili huenda nje kwa njia moja. Kwa hiyo sinki litakupa jibu. Maji yakishuka kwa kasi, tatizo liko ndani ya mashine au kwenye paipu yake. Yakijivuta, au yakitokea chini ya mashine huku wewe umemwaga kwenye sinki, mashine haina kosa. Njia ya nje imeziba.

Tuseme sinki ni zima. Toa rafu ya chini ya mashine. Pale sakafuni utaona kichujio cha mviringo. Vingi huzungushwa kuelekea kushoto na kuinuliwa. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki wa zamani mpaka uone mwanga ukipita kwenye matundu yake. Chini ya kichujio kuna kishimo. Mulika kwa tochi ya simu, na usitie vidole kabla ya kuona, maana glasi iliyovunjika hupenda kujificha humo. Tumia kijiko. Mifupa ya samaki, kijiti cha sukuma wiki, punje za mahindi: kimoja tu kati ya hivyo kinaweza kukwama kwenye pampu na kuizuia isizunguke. Rudisha kichujio, iwashe tena na usikilize. Ukiisikia pampu ikinguruma na maji hayaendi, shuku kitu kilichokwama. Ikiwa kimya kabisa, huenda hilo ni la stima, mwite fundi.

Kisha izime tena ukutani, uvute mashine mbele polepole uangalie paipu. Mara nyingi hukunjika siku mashine inaposukumwa ukutani. Inyooshe, na uhakikishe inapanda juu karibu na meza ya jikoni kabla ya kushuka kuungana na bomba. Ikilala chini tu, maji machafu ya sinki hurudi ndani ya mashine, na ndiyo maana vyombo vyako vinatoka na mafuta ambayo hukuyapika.

Lakini kwa nyumba ya Sigowet, mimi ningeanza kushuku sinki. Sisi ni watu wa chai. Asubuhi birika, saa nne birika, wageni wakija birika lingine, na kila mara machicha ya majani ya chai yanasuuzwa kwenye sinki. Juu yake yanafuata mafuta ya maziwa, ukoko wa ugali uliolowekwa na mafuta ya nyama. Niliwahi kufungua kikombe cha bomba chini ya sinki la mama yangu. Nikaweka karai, nikazungusha kwa mkono, na kilichoanguka kilikuwa bonge jeusi lenye umbo la bomba lenyewe. Nilipolivunja, ndani lilikuwa na matabaka: majani ya chai, mafuta meupe, majani ya chai, mafuta meupe. Hakuna mtu mmoja aliyeliweka pale. Ilikuwa miaka ya vikombe vya watu wote wa nyumba ile.

Fanya hivyo hivyo. Karai chini, fungua, safisha, rudisha mpira wake mahali pake, kaza kwa mkono. Ukimaliza mwaga maji kidogo, kwa sababu hapo panatakiwa pabaki na maji daima. Ndiyo yanayozuia harufu ya shimo isipande jikoni.

Kama bado maji hayaendi, toka nje ufunue chemba. Ikiwa imejaa, shimo la maji machafu limeshiba. Kwetu kwenye mvua nyingi, hasa Aprili na Mei, udongo uliolowa haunywi tena. Hapo kazi ni ya fundi mwenye vifaa. Usiingie shimoni wala usimtume kijana aingie, hata kwa dakika moja. Hewa ya humo huua, na anayemfuata mwenzake kumwokoa huanguka juu yake.

Kuanzia leo, machicha ya chai yaende kwenye shina la mgomba au bustani ya mboga. Mafuta yamwage kwenye mkebe, yagande, uyatupe. Sahani ikwanguliwe kabla ya kuingia kwenye mashine, na kichujio kioshwe kila Jumamosi. Sotet, yaani kibuyu cha maziwa ya mursik, isiingie humo kamwe. Kibuyu hunywa sabuni na joto hukipasua. Kina sosiot yake ya kukisugulia na mkaa wake wa mti wa senetwet.

Sasa tuzungumzie lile lililokuuma zaidi. Kuosha kwa mashine si uvivu. Aliyebuni ile ya kwanza iliyofanikiwa sokoni ni mwanamke, Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani. Mumewe alifariki akamwachia madeni, naye akafanya kazi katika banda la nyuma ya nyumba hadi alipopata hataza ya mashine yake Desemba 1886. Mwaka 1893 aliionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, na hoteli zikainunua. Hiyo ni bidii, mdogo wangu.

Hata hivyo usimpelekee mama mkwe hadithi hii kama hoja ya kumshinda. Mama huyo ameosha sufuria za familia nzima kwa maji ya kubeba kichwani kutoka mtoni. Akiona mashine imesimama na maji yananuka, anaona zawadi ya mwanawe inaharibika, na uchungu huo unakuangukia wewe uliye karibu. Ukijibu kwa kujitetea, mtabaki wawili mnabishana juu ya nani, na maji bado yamesimama.

Jioni hii, watoto wakishakula, mwambie: “Mama, naomba unishikie tochi, nataka tuone kilichoziba.” Ainame pamoja nawe. Aone mwenyewe bonge likianguka kwenye karai, na atambue majani ya chai ambayo sote tumemwaga. Kisha jaza sinki, zibua, na nyote wawili msikilize maji yakiondoka. Halafu mtengenezee chai, na yale majani uyachuje kwenye chujio mbele yake.

Niandikie uniambie mlikuta nini.

Dada yenu