Je, kompyuta ni somo la wavulana?

Swali: Binti yangu yuko mwaka wa tisa hapa Buhinyuza, Muyinga, nchini Burundi. Anataka kusomea kompyuta, lakini wajomba zake wanasema hiyo ni kazi ya wanaume. Nifanyeje?

Jibu: Mama, muunge mkono. Akili anayo, wasichana wengi hukosa nafasi tu. Wanafunzi watano wakitumia kompyuta moja, mara nyingi mvulana ndiye anayeshika kipanya, msichana anabaki kuandika daftarini. Mwombe mwalimu aweke zamu. Na nyumbani, kaka zake nao wateke maji ili naye apate muda. Wajomba waambie kuhusu AkiraChix ya Nairobi, iliyoanzishwa na wanawake mwaka 2010, inayofundisha wasichana kuandika programu. Kabla hajachagua mchepuo, uliza kama shule yenye somo la kompyuta ina bweni la wasichana, maana huenda ikawa mbali na nyumbani.