Dondoo muhimu: Safisha na kagua kompyuta bila kipanya

NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, inatosha kwa kazi nyingi za kutunza Windows.

Kufuta mafaili ya ziada: bonyeza Windows+R, andika cleanmgr, kisha Enter. Shuka kwenye orodha kwa mishale, weka alama kwa kitufe cha nafasi. Sikiliza kila jina kwanza, maana kinachofutwa hapa hakipiti kwenye pipa la taka.

Kukagua mafaili ya mfumo: Windows+R, andika cmd, halafu Ctrl+Shift+Enter. Utaombwa ruhusa, kwenye Windows ya Kiingereza jibu kwa Alt+Y. Wengi hukwama hapa, kwa sababu NVDA inayoendeshwa kutoka kwenye flashi haisomi dirisha hilo la ruhusa. Isakinishe kwenye kompyuta yenyewe, pamoja na njia yake ya mkato. Sasa andika sfc /scannow, ukiacha nafasi kabla ya mkwaju, na uwe na subira.

Sauti ikikatika ghafla, usizime kompyuta kwa nguvu. Bonyeza Ctrl+Alt+N, NVDA ianze upya.