SOMO LA GESI YA SAMADI: KULINDA KIMO CHA UJI



Mwenye ng'ombe wawili au watatu zizini, awe hapa kisiwani au ng'ambo huko Horohoro, ana moto wa kupikia pasipo kuni. Katika mkoa wa Tanga jambo hili si geni. Mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo katika shamba la mkonge la Hale, uliotumia taka za mkonge kufanyia gesi ya kuendeshea umeme. Ule mkubwa na shimo la nyumbani vina kanuni moja: kiingiacho leo kitoe nafasi yake, kimo kisipotee.

Kila siku twatia samadi na maji, ndoo kwa ndoo. Ndani ya kuba, mahali pasipo hewa, vijidudu huuchachua uji huo, nayo gesi hupanda juu. Gesi ikizidi, huusukuma uji uende katika tangi la kutokea. Tukipika, uji hurudi. Tundu lililo juu ya tangi hilo ndilo mlinzi: uji ukifika hapo humwagika nje, usipande zaidi.

Basi tuangalie mambo matatu.

Kwanza, tundu lisizibe kwa majani au uji mgumu. Likiziba, uji hupanda hata ukaingia katika bomba la gesi, na jiko likazimika.

Pili, kimo kisishuke mno. Ukuta ukipasuka uji huvuja. Nao ukiwa chini ya mlango wa kutokea, gesi hupita hapo ikapotea.

Tatu, tutazame tangi asubuhi kabla ya kupika. Ikiwa tumelisha kama desturi na uji haukupanda usiku, huenda bomba lavuja. Tupake maji ya sabuni kwenye maungio. Palipo na povu ndipo penye tundu. Tusijaribu kwa kiberiti.

Hapa twasisitiza: mtu asiingie shimoni kuzibua, hata likiwa tupu. Hewa ya mle huua kwa dakika chache, na mara nyingi anayeshuka kumwokoa mwenzake hufa naye. Tuzibue kwa mti mrefu tukiwa nje. Likishindikana, tumwite fundi.

Uji unaomwagika tusiuache upotee. Ni mbolea njema, tuupeleke mikarafuuni.